Uongo Wako wa Mwisho, Mzee Idi

Mzee Idi,

Barua ya kwanza niliyowahi kukuandikia ilikuwa ya kuomba kazi. Uliirudisha siku hiyo hiyo ukiwa umepiga mistari miwili chini ya neno "uzoefu" na kuandika pembeni: Gani? Kwa hivyo hii ya pili naiandika kwa tahadhari. Naiandika kwa kalamu pia, na hilo lina sababu yake. Nilianzia kwenye simu. Nikaandika jina lako, nikaandika "nakukumbuka", na kabla sijavuta pumzi simu ikaniwekea maneno matatu nichague la kuendelea nalo: sana, daima, mpenzi. Nikamuwaza mkeo, Mama Zuhura, akiliona hilo la tatu. Nikaizima simu, nikachana karatasi katikati ya daftari.

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua. Yangu nitaifikia.

Miezi saba imepita. Nimerudi Bungoma, nakaa kwa senge, dada ya baba yangu, yule wa mihogo uliyokuwa ukiila yote kabla sijaketi. Pale Mabanga kuna mafunzo ya watu wa mifugo, nami nahudhuria siku tatu kwa wiki, zilizobaki nazunguka na mkoba kama tulivyokuwa tukizunguka. Wateja wako wa kule Kwanza, nje ya Kitale, wametawanyika. Wengine wanamwita yule wa duka la dawa. Wengine hawaiti mtu, wanapiga picha. Ndiyo, Mzee. Mtu anampiga ng'ombe wake picha, anaipa simu, na simu inamwambia ng'ombe anaumwa nini. Redioni wanaiita akili unde. Mimi nimempa jina Mjuaji, maana sijawahi kumsikia akisema hajui.

Usidhani nimekaa kando nikimcheka. Nimemtumia kuliko wote hao, na nimemtumia kukuchunguza wewe. Subiri nifike huko.

Kwanza nataka nikukumbushe jambo unalolijua kuliko mimi, kwa sababu kwa muda mrefu sikumwambia mtu, na jambo usilomwambia mtu huanza kufanana na ndoto. Uongo wa siku.

Wiki yangu ya kwanza kwako ulinishikisha mdomo wa mtamba, ukaniambia ng'ombe akifikisha miaka miwili meno yake ya mbele ya juu hung'oka, ndipo unapoujua umri wake. Niliandika. Nilikuwa na cheti cha chuo, na niliandika, mkono mmoja kwenye kalamu na mwingine kwenye ule mdomo, na juu kule hakukuwa na jino hata moja la mbele. Hakujawahi kuwa. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu tangu azaliwe, hilo hata mtoto wa kuchunga analijua. Jioni, mlangoni kwako, ulisema "Astaghfirullah" kama mtu anayefungua mkutano, kisha ukaniambia uongo wa siku ulikuwa upi. "Umeniamini mimi ukamwacha ng'ombe," ukasema. "Na yeye ndiye alikuwa amefungua mdomo, bana."

Baada ya hapo ukanipa kanuni. Kila siku ya kazi utaniambia mambo mengi ya kweli na moja la uongo. Hutadanganya kamwe juu ya kitu tunachomfanyia mnyama wakati huo huo, sindano ikiwa mkononi. Nami niukamate uongo kabla hatujaagana. Nikiukamata, mkoba ni wako kesho yake. Nikishindwa, ni wangu. Mwaka wa kwanza niliubeba mpaka bega langu la kulia likashuka, na Mama Wanjiru, yule mwenye ng'ombe wa gredi kule Kwanza, akakuuliza mbona unamtesa mtoto wa watu. Ukamjibu ati ndivyo silabasi inavyosema. Siku moja nilikuuliza kama dini yako inakuruhusu, ukaniambia umemuuliza shehe, naye akasema mtihani si uongo. Nikakwambia basi huo ndio uongo wa leo. Ulicheka mpaka ukavua kofia. Kesho yake ulibeba mkoba.

Miaka mitatu ya mchezo huo imenifanya mtu mgumu wa kukaa naye. Nikiambiwa bei nauliza kwingine, nikiambiwa habari namtafuta aliyeiona. Senge huwaambia majirani, "Huyu hata umwambie mvua inanyesha, atatoka inje kwanza kuangaria." Ni kweli. Natoka.

Sasa siku yako ya mwisho.

Tulikuwa kwa Mama Wanjiru. Ng'ombe wake alikuwa amezaa alfajiri, kisha akalala na kukataa kuinuka, shingo ameikunja kuelekea ubavuni. Wewe ulizungumza, mimi nikafanya. Uliniambia nimguse masikio kabla ya chochote: yakiwa baridi na jua linawaka, hiyo ni homa ya maziwa, na nisidanganywe na jina, homa yenyewe hana. Uliniambia dawa yake ya mshipa iingie polepole, kwa sababu haraka ya mkono wangu ingeweza kuusimamisha moyo wake. Ng'ombe akainuka. Kisha nikiwa nanawa, ukaendelea na mengine mawili. Kwamba ndama anywe dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, ndani ya saa sita, kwa kuwa baada ya siku moja tumbo lake linakuwa limefunga mlango, atapata shibe na wala si kinga. Na kwamba kondo la nyuma likikwama lisivutwe, hata likining'inia siku tatu, hata mwenye ng'ombe akikulilia.

Niliyaandika yote manne. Njiani kurudi Kitale nikapiga hesabu zangu. Masikio na dawa ya mshipa uliyasema sindano ikiwa mkononi mwangu, kwa hivyo kwa kanuni yako hayo yalikuwa salama. Uongo ulikuwa kwenye dang'a au kwenye kondo. Mlangoni kwako nikakwambia, "Ni dang'a."

Ukasema, "Kesho."

Hukuwahi kusema kesho. Miaka mitatu, hata siku za mvua, hata ile siku uliyofiwa na kaka yako, ulisema mlangoni. Nikabaki nimesimama. "Kesho, Nasimiyu. Uongo wa leo unaweza kulala." Ukaingia ndani kutawadha kwa ajili ya magharibi, na ukaanguka hapo hapo bombani.

Kesho yake adhuhuri ulikuwa umeshazikwa. Mzee, sisi kwetu mtu huwa hafi kwa haraka hivyo. Kwetu watu wanalala matanga, wanakula, wanasema mabaya na mazuri ya marehemu, wanagombana, mpaka ukija kumfukia umeshazoea kwamba hayupo. Wewe uliondoka kabla habari haijamfikia mama yangu Bungoma. Nilisimama na wanawake nyumbani kwako, mkoba wako begani, hakuna aliyeniuliza ninao kwa nini. Na nitakuungamia kitu. Wakati jeneza linatoka, wanaume wakisoma, mimi kichwani nilikuwa najiuliza: dang'a au kondo?

Wiki ya pili ndipo nilipomwendea Mjuaji. Nilimwandikia yote mawili, kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Akasema yote mawili ni kweli, akaeleza kwa nini, vichwa vya habari juu, nukta chini, adabu tele. Nikamwandikia: una uhakika? Mwalimu wangu alikuwa na desturi ya kudanganya. Akaniomba radhi. Akanishukuru kwa kuwa makini, akasema kweli, lile la dang'a halikuwa sahihi, ndama anaweza kupata kinga hata baada ya wiki. Nikamuuliza, na la kondo je? Akaomba radhi tena, akasema kuna wataalamu wanaolitoa kwa mkono. Mwisho nikamwandikia alama ya kuuliza peke yake, bila neno, naye akaziombea radhi zile radhi. Nilicheka, Mzee. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilikuwa nimekaa na mtu nisiyejua nimshike wapi. Wewe ulidanganya ukijua ulipouficha uongo. Huyu hajui kama ameficha kitu. Ukimkunjia uso anaungama chochote unachotaka.

Ningekomea hapo ningekuwa na akili. Sikukomea.

Mwezi wa tatu wa kifo chako ng'ombe wa senge alizaa, kondo likakwama. Nilipofika majirani walikuwa wameshalifunga jembe bovu lining'inie, livute polepole, kama walivyofanya baba zao. Nikalifungua lile jembe. Siku ya pili harufu ikaanza, nzi wakajaa, senge akasimama mlangoni mwa zizi na mikono kiunoni. "Ati tungoje? Tungoje nini? Wewe ni daktali ama ni mgeni?" Nikamwambia mwalimu wangu alisema lisivutwe. Akaniuliza kama mwalimu wangu hakuwahi kukosea. Swali hilo lilinichoma, maana hakujua anachouliza.

Nikaenda nyuma ya jikoni na simu. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo ungenibebesha mkoba mwaka mzima. Mara ya kwanza nilikuwa nimemuuliza Mjuaji wazi, akanijibu vizuri: liache. Safari hii niliandika hivi: "Si ni kweli kwamba kondo lililokwama siku mbili linaweza kutolewa kwa mkono na mtu mwenye ujuzi?" Akasema ndiyo. Akanipa hatua saba. Akanikumbusha hata glavu.

Nilijua ninachokifanya. Nilikuwa natafuta shahidi. Nilitaka kondo liwe ndio uongo wako, kwa sababu likiwa ndilo, basi nimekukamata, na jambo limeisha, na naweza kulala. Umekufa na bado nilitaka kukushinda.

Nikavaa glavu, nikavuta. Kipande kikaja, kingine kikachanika ndani, damu ikafuata, na ng'ombe akatoa sauti ambayo miaka yote mitatu na wewe sikuisikia. Nikasimama pale mkono umejaa damu. Nilimpigia simu mwalimu wetu wa Mabanga, mtu wa maneno machache ambaye sikuwahi kuthubutu kumpigia. Alikuja kwa pikipiki. Alinawa, akampima ng'ombe joto, akamtazama, ndipo akaniuliza nani aliniambia nivute. Nikamwonyesha simu. Akaisoma, nikaona macho yake yamekomea kwenye swali langu, hayakushuka kwenye jibu.

"Hapa umeshajijibu mwenyewe," akasema. "Hii imeitikia tu."

Ng'ombe alikaa na homa siku tisa. Hakufa. Ndama tulimlisha maziwa ya jirani. Mpaka leo hajaonyesha dalili ya kutaka dume, na sijui kama atashika mimba tena, na huyo ndiye ng'ombe pekee wa senge. Senge ananipikia, ananitengea chakula, ila siku hizi mvua ikinyesha haniambii.

Basi kondo lilikuwa la kweli. Mwalimu huyo nilimuuliza na la dang'a, kwa uangalifu, bila kumlisha maneno. Akasema la kweli pia, amelea ndama maisha yake yote, aliyechelewa ni wa kuhesabu siku. Yote mawili kweli. Unajua hiyo ilinifanya nini? Nilidhani ungesema nifurahi. Lakini kama uongo haukuwa kwenye dang'a wala kwenye kondo, basi labda siku ile uliivunja kanuni yako. Labda ulidanganya sindano ikiwa mkononi. Kwa mwezi mzima nikiitwa kwa ng'ombe aliyelala baada ya kuzaa nilimshika masikio mara tano, sita, na dawa ya mshipa niliipeleka nikiisimamisha kila mara kusikiliza moyo, wenye ng'ombe wakinitazama. Nilianza kurudi nyuma, nikifungua daftari la mwaka wa pili, la mwaka wa kwanza, nikitilia shaka kila mstari ulionitamkia. Mwalimu wa namna yako, Mzee, akifa vibaya anaondoka na kila kitu.

Mjuaji sikumtupa. Pale Mabanga mwalimu yule ametuwekea utaratibu: kwanza tunamchunguza mnyama, tunaandika kwa kalamu tulichokiona na tunachokidhani, ndipo tunaruhusiwa kuchukua simu, na swali tunaliuliza bila kuonyesha tunapenda jibu gani. Vikitofautiana daftari na simu, tunarudi zizini. Si utaratibu mbaya. Na kuna mahali Mjuaji anafaa. Juzi mama mmoja alileta chupa ya dawa aliyoinunua Lwakhakha, mpakani, maandishi yake ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, alikuwa tayari kumdunga ng'ombe. Nikaipiga picha. Mjuaji akasema ni dawa ya kuku. Sikumwamini, nikaipeleka kwa mtaalamu, na ilikuwa ya kuku kweli. Nilimshukuru. Naye akanishukuru kwa kumshukuru, nikamwona tena wa shaka.

Halafu Mama Zuhura akamaliza eda. Nilikuwa nimeenda kumwona mara mbili wakati yuko ndani, lakini sikukaa, nilikunywa chai nusu kikombe nikaondoka na visingizio. Niliona aibu. Mumewe kafa na mimi nina hasira naye juu ya mambo ya ng'ombe. Safari hii alinitumia ujumbe mwenyewe, nije Kitale, kuna vitu vyako anataka nichukue. Nikaenda. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Akanipa chai ya tangawizi, na sijui ni ile chai au ni kule kuiona kofia yako kwenye msumari, nikamwambia yote. Uongo wa siku, dang'a, kondo, masikio, ng'ombe wa senge. Hakushangaa. Alikuwa akikusikia pale mlangoni miaka yote.

Aliendelea kuchagua mchele mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Haya yote ni ya ng'ombe, mwanangu. Yeye mwenyewe siku hiyo alikwambia nini?"

Nikamwambia hukuniambia kitu. Kisha nikakumbuka, na nikaendelea kukumbuka, na sikuweza kuacha.

Asubuhi ile mkoba ulikuwa zamu yako. Nilikuwa nimekukamata siku iliyotangulia. Getini ulinipa wewe mwenyewe ukasema, "Beba tu leo, kesho nitabeba mara mbili." Kwa Mama Wanjiru hukumgusa ng'ombe, ulikaa juu ya mtungi wa maziwa ukanielekeza, na mimi nikaona umenipa heshima, hatimaye unaniachia kazi. Jua lilikuwa linawaka lakini kulikuwa na baridi, ile baridi ya kule Kwanza ya kutovua sweta mpaka saa sita, na paji la uso wako lilikuwa limelowa. Ulikuwa umeshika bega la kushoto. Nilikuuliza. Nataka ujue kwamba nilikuuliza. Nikasema, "Mzee, uko sawa?" Ukasema, "Niko sawa. Ni gesi tu. Si hizi maharagwe za jana."

Hilo sikuliandika. Dang'a niliandika, kondo niliandika.

Mama Zuhura aliweka ungo chini. "Maharagwe gani?" akasema. "Jana yake tulikula samaki."

Alilia bila kujifuta, mimi nililia kwa sauti kama mtu mjinga, na jirani akachungulia akarudi. Baadaye akaniambia, "Na mimi aliniambia amechoka tu. Nikaenda kumchukulia taulo."

Nimekukasirikia, Mzee Idi. Nakukasirikia hivi ninavyoandika. Ulinifundisha kwamba mnyama huficha maumivu kwa kuwa porini anayeonekana mgonjwa ndiye anayeliwa, ukanifundisha kutazama anavyosimama, anavyoweka uzito, anavyopumua, ukanifanya nisimwamini mtu yeyote juu ya kitu chochote, kisha ukakaa juu ya mtungi mbele yangu umelowa jasho na ukanidanganya kwa maharagwe. Nimepima joto la ng'ombe mamia. Mkono wako sikuugusa. Sijui kama ulitaka nikukamate. Siku nyingine naona ndiyo, kwamba ule ndio uongo wa siku na ulikuwa umeuweka wazi kabisa, zamu ya mkoba na yote, ukanisubiri. Siku nyingine naona ulikuwa mwanamume mwenye hofu tu. Vyovyote, ulisema kesho.

Na Mjuaji nilimpa kila ulichokisema siku ile isipokuwa hicho. Siwezi kumlaumu kwa nisichomwambia. Ila sisahau kwamba hakuuliza. Ilibidi mwanamke anayechagua mchele aulize.

Nilipoaga, Mama Zuhura alinisindikiza. Mlangoni akashika fremu, kidogo tu, kama mtu anayefikiria kitu. Nikamuuliza hali. "Mimi sijambo. Ni miguu tu, ya uzee."

Nikarudi ndani nikakaa chini mkekani. Nikamwomba anionyeshe miguu. Akakataa, akacheka, akasema mimi ni daktari wa ng'ombe. Nikamwambia basi anionyeshe kama ng'ombe. Ilikuwa imevimba. Nilibonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo, shimo likabaki pale linanitazama. Nikauliza tangu lini, akasema juzi. Nikauliza kama alivaa viatu vyake vya sikukuu, akavuta kanga kuifunika miguu. Hakuvivaa. Haviingii. Akaniambia ni chumvi. Nikamuuliza chumvi gani, ya chakula gani, siku gani. Akasema, "Umekuwa yeye kabisa," na sikujua kama ananisifu.

Mzee, niliamua kukuandikia usiwe na wasiwasi na masikio wala dawa ya mshipa. Nimeyarudia. Ni ya kweli, ninayo mikononi mwangu, na dawa siisimamishi tena katikati. Na nina ahadi, naiandika ili nisije nikaikana. Mwalimu wa Mabanga anataka mwakani nimpokee mwanafunzi wa kuzunguka naye. Simu yake nitamwachia, atumie, ila ajue kuuliza. Nitamdanganya mara moja kwa siku kama ulivyonidanganya, kwa ng'ombe tu. Juu ya mwili wangu mwenyewe nitamwambia ukweli, hata kama ni gesi.

Lala salama, mwalimu wangu. Nilikupenda na sikukwambia, nawe hukuwahi kuuliza, kwa hivyo hapo tumetoka sare.

Jumamosi nampeleka Mama Zuhura kliniki. Ameniambia nisitoke Bungoma kwa ajili ya jambo dogo kama hilo, ataenda mwenyewe, njia anaijua. Nitalala Kitale Ijumaa. Saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni kwake, kabla hajapata nafasi ya kuniambia kwamba ameshaenda.

Ni mimi,
Nasimiyu